Inapitika kwa Gari Gani?

Katika magari yaliyotengenezwa na Wajerumani karne iliyopita yapo machache ambayo hayakukusudiwa kubeba mizigo, wala kuzunguka mjini, wala kushindana uwanjani. Yalikusudiwa kazi moja: kuwachukua watu wawili au wanne pamoja na masanduku yao kutoka mji mmoja hadi mji wa mbali, kwa mwendo wa kasi, na kuwafikisha bila ya kuwachosha. Wenyewe Ulaya huyaita kwa jina la Kiitaliano, gran turismo. Sisi tutayaita magari ya safari ndefu. Moja katika hayo, ambalo siku hizi ni adimu hata huko lilikozaliwa, ni Mercedes-Benz 450 SLC 5.0. Lilitengenezwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, na idadi yake ilizidi 1,600 kwa kiasi kidogo tu. Leo tunapenda kulizungumzia gari hilo, tena tulizungumzie tukiwa tumesimama Nachingwea, nyuso zetu zikielekea Ruangwa.

Huenda msomaji akauliza gari la matajiri wa Ulaya lina uhusiano gani na mkulima wa korosho. Uhusiano upo, nao ni barabara. Lori la tani kumi hupita mahali pabaya likinung'unika, trekta hupita bila ya kunung'unika, na mwenda kwa miguu hupita popote. Gari la safari ndefu hukataa. Pasipo na barabara njema halina thamani yoyote. Hubaki kibanda cha chuma chenye viti vizuri. Kwa ajili hiyo tunaliona kuwa kipimo cha haki kuliko vingi tulivyozoea kuvitumia.

Kwanza tulieleze lenyewe. Lina milango miwili. Injini yake ni ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ya lita 5, iliyosubiwa kwa alumini ili iwe nyepesi, na nguvu zake ni za farasi 240. Boneti na kifuniko cha buti pia ni vya alumini. Gia zake hujibadilisha zenyewe, na katika barabara kuu za Ujerumani liliweza kwenda kilomita 225 kwa saa. Lakini tumbo lake liko chini mno: shubiri ya mtu mzima haienei kati ya ardhi na chuma. Kitu cha kwanza kukutana na jiwe lililosimama katikati ya njia ni sampu ya oili, na kikitoboka hicho injini ya lita 5 haina maisha marefu.

Gari hilo si geni kabisa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1979 kampuni yenyewe ililileta Kenya katika mashindano ya Safari Rally. Kama ilivyo ada ya mashindano hayo, magari yaliinuliwa juu, yakakingwa matumbo kwa mabamba ya chuma, yakafungwa taa za ziada, na mafundi wenye vipuri wakawa wanayafuata kila yalikokwenda. Hannu Mikkola wa Ufini, dereva ambaye mwaka 1972 alikuwa ameshinda mashindano hayo hayo kwa Ford Escort yalipoanzia Dar es Salaam, alilifikisha Mercedes lake katika nafasi ya pili. Aliyemtangulia alikuwa Shekhar Mehta wa Kenya, akiendesha Datsun 160J, gari la silinda nne lililotoka katika ukoo wa magari ya kawaida ya familia. Mwaka uliofuata Mehta alishinda tena, na Mercedes bora, lililoendeshwa na Vic Preston mdogo, likawa la tatu. Ni kweli kwamba Desemba 1979, katika mashindano ya Bandama huko Ivory Coast, magari hayo hayo ya Kijerumani yalizoa nafasi zote nne za kwanza. Lakini Safari hayakuishinda, na mwisho wa mwaka 1980 kampuni ikajitoa.

Wala halikuwa Mercedes peke yake. Porsche 911, gari ambalo vijana wengi hulibandika picha yake ukutani, lilimaliza la pili mwaka 1974 nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, likawa tena la pili mwaka 1978 nyuma ya Peugeot 504. Katika miaka yote ambayo Safari ilikuwa ikipigania ubingwa wa dunia, Porsche haikuwahi kutwaa ushindi.

Hatuyasemi haya kwa kuwadharau Wajerumani. Magari yao ya kawaida, yale mazito yenye milango minne, yalishinda Safari mara tatu mfululizo, mwaka 1959, 1960 na 1961. Na hata Volkswagen, lile dogo lenye mgongo wa kobe, lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Tunachokiona ni hiki: katika njia zetu fahari ya gari haikuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni urefu wa tumbo kutoka ardhini, uimara wa springi, na dereva anayejua wapi tope lina kina na wapi lina udongo mgumu chini yake.

Hata gari la kwanza kuikata Afrika kutoka bahari hadi bahari lilikuwa la Kijerumani, na lilianzia kwetu. Paul Graetz, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wakoloni, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akafika Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Njia ilikuwa ya kilomita zipatazo 9,500, na siku alizotumia ni 630. Ukigawanya utapata kilomita 15 kwa siku, mwendo ambao bibi mwenye mzigo kichwani huumaliza kabla ya jua la saa sita. Mahali pengi gari lile halikuendeshwa. Lilivutwa kwa kamba na wanavijiji. Vitabu vya historia vimehifadhi jina la mwenye gari, na majina ya waliovuta kamba hayamo.

Sisi watu wa Kusini hatuhitaji kufunzwa sana somo hili, kwani tumelipata kwa gharama ya wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika Tanganyika, kwenye eneo la ekari zaidi ya milioni tatu, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo ililetwa ya kila namna, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Reli iliyojengwa kuitumikia Nachingwea kutoka pwani ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Baadaye, tangu katikati ya miaka ya 1960, Nachingwea ikawa kambi kubwa ya wapiganaji wa FRELIMO, na malori yakawa yakisaga udongo ule ule kwa kazi iliyokuwa na maana zaidi kuliko karanga. Mitambo mikubwa imekwisha kuja huku na kuondoka. Njia ndiyo iliyobaki.

Sasa tujaalie kwamba gari letu adimu, jinsi lilivyotoka kiwandani, bila ya kuinuliwa na bila ya mafundi wa kulifuata, tumekabidhiwa funguo zake Nachingwea asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Hadi Ruangwa ni kilomita hamsini na ushei. Kwa kasi ambayo gari hili liliumbiwa, hiyo ni safari ya dakika kumi na tano. Abiria hangemaliza hata kikombe cha chai.

Palipo na lami tutakwenda vizuri, na tutaelewa kwa nini gari hili lilipendwa. Injini haipigi kelele, usukani ni mwepesi lakini hauyumbi, na mwendo wa kilomita 80 kwa saa huonekana kama umesimama. Tukitoka kwenye lami na kuingia kwenye changarawe mambo hubadilika mara moja. Kwanza ni vumbi jekundu, ambalo hujua kupenya mahali ambapo hata maji hayapenyi, na ambalo huziba chujio la hewa la injini yenye kiu kama hii. Kisha zaja zile mbavu za barabara, ambazo kila aliyewahi kupanda basi la Kusini anazijua mgongoni. Hazichimbwi na mtu. Gurudumu hugonga kijiwe, huruka kidogo, hutua na kuusukuma udongo mbele. Gurudumu linalofuata huruka pale pale na kutua pale pale, na baada ya magari mia kadhaa njia nzima huwa kama ubavu wa ng'ombe aliyekonda. Madereva wetu wana dawa yake: huongeza mwendo mpaka gari linaelea juu ya mbavu bila ya kushuka katika mabonde yake. Mtikisiko hupungua kweli. Lakini gurudumu linaloelea halishiki ardhi, na lisiposhika ardhi, breki na usukani huwa ni mapambo. Gari linalojua kwenda kilomita 225 kwa saa haliwezi kumwokoa mtu hapo.

Basi tutapunguza mwendo, na tukipunguza tutazihesabu mbavu moja moja. Shokapu zitachemka. Tutafika penye kalvati ambalo mvua za mwaka jana zimekula udongo wa pembeni yake, likabaki limeinuka kama ngazi. Lori hulipanda, sisi tutateremka na kupima kwa jicho. Tutapita mtaro uliokata njia, pua ya gari ikichungulia chini na ekzosi ikiburuza nyuma. Mafuta nayo hayatatuhurumia, kwani injini hii, hata ikiendeshwa kwa adabu, haiendi mbali kwa lita moja. Tukiingia Ruangwa kabla ya saa mbili kupita tutamshukuru Mungu. Na huo ni mwezi wa Agosti. Mwezi wa Januari hatungetoa funguo mfukoni.

Hapo ndipo tunapofika penye neno ambalo tungependa lichunguzwe. Katika taarifa za barabara husomwa kila mwaka kwamba barabara fulani "inapitika". Wakati mwingine huongezwa "kwa majira yote". Ni neno zuri, lakini halisemi inapitika kwa gari gani. Wageni wakubwa wanapotembelea wilaya zetu huja katika magari marefu yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, yaliyotengenezwa mahususi ili mtu aliyeketi ndani asijue kilichopo chini. Anayekagua barabara kwa gari la namna hiyo ni kama mtu anayeonja mchuzi akiwa na mafua. Atasema inapitika, na kwa upande wake atakuwa amesema kweli. Lakini mwenye teksi ndogo iliyokwishatumika Japani, mwenye pikipiki aliyembeba mgonjwa, na mwenye lori la mizigo asiyeweza kulikwepa shimo kwa sababu mzigo utahama, hao wana taarifa nyingine.

Tufikiri juu ya mama mjamzito anayetolewa kijijini usiku kupelekwa hospitali ya wilaya. Gari la wagonjwa ni refu na lina nguvu, litapita. Je, mama naye anapita? Waliobuni gari la safari ndefu walianza na abiria. Walijiuliza atafika katika hali gani, ndipo wakachora springi, viti na injini. Kwetu swali hilo huulizwa mwisho, kama linaulizwa, na jibu hutolewa na mtu ambaye hakuwamo safarini.

Na korosho nayo ina neno lake. Mvua za Kusini huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na korosho huvunwa na kuuzwa kuanzia miezi ya Septemba na Oktoba hadi mvua zinapoingia. Kwa hiyo malori yaliyoshiba hupita njiani wakati ule ule ambao njia inaanza kulainika. Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limefumwa kwa silabi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hukusanya korosho za wilaya hizo tatu kutoka vyama vya msingi kwenda maghalani, kisha mzigo huelekea bandarini Mtwara. Mnunuzi anayeketi mnadani anajua fika gharama ya kuutoa mzigo Liwale au Ruangwa, na hataki kuibeba yeye. Ataipunguza katika bei anayoitaja. Hivyo kila kalvati lililong'oka hukatwa katika kilo ya mkulima, ingawa halimo katika orodha ya makato inayobandikwa ukutani.

Katika miaka hii ya 2020 lami imeanza kuwekwa katika njia za wilaya hizi, na tunaipokea kwa furaha isiyofichika. Waliokuwa wakilala njiani kati ya Ndundu na Somanga, katika zile kilomita 60 zilizobaki udongo hata baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wanajua lami ni nini. Lakini wanajua pia yaliyotokea Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo ya Dar es Salaam na Lindi katika maeneo ya Somanga, na Kusini ikatengwa tena kama zamani. Lami haikuyeyuka. Maji yalikosa pa kupita, yakajitafutia njia yenyewe. Mhandisi yeyote atakuambia kwamba barabara ni mitaro na makalvati kwanza, na lami ni paa tu lililowekwa juu.

Kisha kuna uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, katika jimbo la Illinois, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha jambo ambalo wenye malori hawapendi kulisikia: mzigo wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara yake kwa barabara huongezeka karibu mara 16. Mercedes letu lina tani moja na nusu hivi, kwa hiyo kila ekseli hubeba chini ya kilo 800. Ekseli moja ya lori iliyobeba tani 10 huiumiza barabara kuliko ekseli hiyo mara elfu ishirini na zaidi. Ndiyo kusema hata tajiri akizunguka na gari lake la fahari kutoka asubuhi hadi jioni kwa mwaka mzima, hatafikia uharibifu wa msururu mmoja wa malori yaliyozidisha mzigo kwa siku moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Mizani ikilegea msimu mmoja wa korosho, au madini ya wilaya hizi yakianza kusafirishwa kwa wingi bila ya kupimwa, lami tuliyoingoja tangu Uhuru itazeeka kabla ya watoto walioishuhudia ikimwagwa hawajamaliza shule.

Hatutaki kueleweka vibaya juu ya mwendo kasi. Barabara njema ikipatikana, watatokea wa kuigeuza uwanja, na tayari tunawaona. Katika vijiji vya njia hii nyumba ziko karibu na barabara, watoto huvuka kwenda shule, na pikipiki hutokea vichochoroni bila ya taa. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi kimewekwa kwa sababu hiyo, na gari la nguvu za farasi 240 linakiheshimu kwa urahisi zaidi kuliko gari bovu, maana lina breki. Uzuri wa gari la safari ndefu tunaoutamani kwa Kusini si ule wa kilomita 225. Ni ule wa mtu kutoka Nachingwea asubuhi akiwa amevaa shati jeupe, akafika Ruangwa kwenye shughuli yake likiwa bado jeupe.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo, lisilohitaji bajeti. Kabla ya barabara yoyote ya wilaya hizi kupokewa kutoka kwa mkandarasi, na kabla ya yoyote kuandikwa kwamba inapitika, mkaguzi aliache nyumbani gari lake refu na kupanda gari dogo la kawaida, la tumbo chini. Mercedes la mwaka 1979 hatutalipata, na tukilipata mwenyewe hatalitoa. Teksi ya stendi ya Nachingwea inatosha kabisa, na dereva wake analijua kila kalvati kwa jina. Aende mara mbili: Novemba, kabla ya mvua kushika, na Februari, malori yakiwa yamekwisha kupita na udongo ukiwa umekwisha kunywa maji. Asiketi mbele kwa dereva. Aketi nyuma, anapoketishwa mgonjwa, na taarifa yake aiandike akiwa bado ndani ya gari.